Maurice Hilleman, mtu wa kuku na chanjo ya gripi

Juu ya nini chanjo ya gripi inarudiliwa kila mwaka? Jibu liko ndani ya maisha ya Maurice Hilleman.

Alizaliwa mwaka 1919 Montana, inchi ya Marekani. Mama yake alifariki siku mbili kisha kumzaa. Akalelewa na jamaa shambani, akitunza kuku.

Akiwa mtafiti wa jeshi, aliona kama virusi vya gripi vinajigeuza kila mara; mwili uliozoea vya zamani unaweza kushindwa kutambua vipya.

Mwezi wa 4 mwaka 1957, akasoma gazetini kama gripi inaenea Hong Kong. Akatafuta virusi hivyo, akapima damu ya watu: karibu wote hawakuwa na kinga. Chanjo ilitengenezwa kwa mayai yenye mbegu, basi akaomba wafugaji wasiue majogoo. Dozi milioni 40 zikatoka. Hata hivyo, Wamarekani makumi ya maelfu walikufa.

Hilleman alifariki mwaka 2005. Virusi havijaacha kujigeuza, na kila mwaka OMS inapendekeza upya vya kutia ndani ya chanjo. Ndiyo maana sindano ya mwaka jana haitoshi, zaidi sana kwa wazee na mama wenye mimba.