Carver: Mzaliwa wa utumwani aliyegeuza shamba kuwa darasa la watu wazima

JINA la George Washington Carver linapotajwa, fikira za wengi hukimbilia njugu karanga. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba ndiye aliyebuni siagi ya njugu, ilhali siagi hiyo ilitengenezwa na wengine kabla yake.

Katika maisha yake yote, mwanasayansi huyu Mmarekani alisajili hataza tatu pekee za uvumbuzi, nazo zilihusu rangi na vipodozi.

Kazi iliyomshughulisha kwa muda mrefu zaidi ilikuwa ya kuwafunza watu wazima, wengi wao wasiojua kusoma, namna ya kuitazama upya ardhi, misitu na vinamasi vilivyowazunguka, ili wapate humo chakula, mbolea na hata rangi ya kupaka nyumba zao. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayosimuliwa kwa uchache.

Carver alizaliwa utumwani karibu na kijiji cha Diamond, jimboni Missouri, mnamo 1864 au mapema 1865. Watoto wa watumwa hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, na yeye mwenyewe hakuijua yake.

Akiwa bado mchanga, majambazi waliokuwa wakivamia mashamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walimteka pamoja na mamake, Mary. Moses Carver, mzungu aliyekuwa akiwamiliki, alimtuma mtu awasake. Mtoto alipatikana, lakini mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mkewe Susan walimlea yatima huyo na nduguye mkubwa, Jim. George alikuwa dhaifu wa afya, hivyo hakupelekwa kwenye kazi nzito za shamba. Alibaki nyumbani akijifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Wakati wa faragha aliingia msituni, akachimbua mimea na kuihamishia kwenye kitalu chake cha siri. Haikuchukua muda kabla ya majirani kuanza kumletea miche yao iliyougua.

Shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi. Alilazimika kuhamia mji jirani wa Neosho, ambako alihifadhiwa na mkunga aliyeitwa Mariah Watkins, mwanamke mweusi aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa mitishamba. Mama huyo alimwonyesha kijana kwamba elimu ya mimea haikuwa mali ya wenye vitabu peke yao.

Safari yake ya masomo ilijaa miiba. Mnamo 1879, katika mji wa Fort Scott jimboni Kansas, alishuhudia umati wa wazungu ukimuua mtu mweusi. Akautoroka mji huo. Baadaye chuo kimoja jimboni humo kilimkubali kwa barua, kisha kikamfukuza mlangoni kilipoona rangi ya ngozi yake.

Hatimaye, mnamo 1890, Chuo cha Simpson jimboni Iowa kilimpokea. Alisomea uchoraji, na mwalimu wake, Etta Budd, alipoona jinsi alivyochora maua na miti, alimshauri ageukie sayansi ya mimea. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha kilimo cha Iowa mjini Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi humo. Alipata shahada ya kwanza mnamo 1894 na ya uzamili mnamo 1896.

Darasa bila kuta

Mwaka huo huo wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa taasisi ya Waamerika weusi ya Tuskegee, jimboni Alabama, alimwalika aongoze idara ya kilimo. Carver aliitikia wito, na akafanya kazi huko kwa miaka 47 hadi alipofariki.

Hakukuta maabara. Aliwatuma wanafunzi wake kwenye majaa ya taka wakaokote chupa, mitungi na vyuma, navyo vikawa vifaa vyao vya kwanza. Serikali ya jimbo ilipoidhinisha kituo cha majaribio ya kilimo mnamo 1897, iliwatengea dola 1,500 pekee kwa mwaka.

Nje ya ua wa chuo hali ilikuwa mbaya zaidi. Pamba ilikuwa imepandwa mwaka baada ya mwaka katika ardhi ile ile mpaka rutuba ikaisha. Wakulima wengi weusi hawakuwa na mashamba yao wenyewe, bali walilima ya matajiri kwa kugawana mavuno. Mbegu, mbolea na unga walivikopa dukani, na pamba ilipouzwa, deni lilimeza kila kitu. Hata uga wa nyumba ulipandwa pamba, na familia zikakosa mboga.

Carver alitambua kwamba kuwafundisha vijana darasani hakungetosha. Waliokuwa na majembe mikononi, na madeni shingoni, walikuwa wazazi wao. Kuanzia 1897 aliwaalika wakulima Tuskegee kila mwezi. Hawakuketishwa kusikiliza hotuba ndefu. Walitembezwa katika viunga vya majaribio, wakashika udongo, wakalinganisha mimea iliyonawiri na iliyodumaa, kisha wakaulizana maswali. Wake zao walionyeshwa namna ya kupika na kuhifadhi vyakula. Mnamo 1904 yalianzishwa masomo mafupi ya msimu wa baridi, wakati ambapo kazi za shamba hupungua.

Fundisho lake kuu lilikuwa kubadilisha mazao. Mimea ya jamii ya kunde, zikiwemo njugu, hushirikiana na bakteria wanaoishi katika mizizi yake kunasa naitrojeni ya hewani, na hivyo kuirejeshea ardhi kile ambacho pamba imekichukua. Viazi vitamu havina uwezo huo, lakini alivihimiza kwa sababu vinashibisha na kumpa mkulima mavuno mengi.

Aidha, aliwahimiza watu kutumia kilichokuwa karibu nao. Kijitabu chake cha kwanza, cha 1898, kilieleza jinsi ya kulisha mifugo matunda ya mwaloni yaliyokuwa yakiozea msituni. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali, basi akawafunza kurundika majani makavu na matope ya kinamasi hadi yaoze yawe mboji. Mnamo 1911 alichapisha maelezo ya kupaka nyumba kwa udongo wa rangi uliopatikana bure vilimani. Kwa jumla, vijitabu 44 vilitoka chini ya kituo hicho, vingi kwa lugha nyepesi ambayo mtoto wa shule angeweza kumsomea babake jioni.

Gari la kukokotwa na nyumbu

Hata hivyo, wapo wasioweza kufika chuoni. Mkulima asiye na farasi wala nauli hangeacha shamba aende kusoma. Ndipo mnamo 1906 lilipotengenezwa gari la kukokotwa na nyumbu, likapakiwa majembe ya kisasa, mbegu, vyombo vya maziwa na sampuli za udongo, likatumwa vijijini. Carver alichangia mpango wa vifaa vyake, na fedha zilitolewa na tajiri wa New York, Morris K. Jesup, ambaye gari hilo lilipewa jina lake.

Mwendeshaji wake, Thomas Monroe Campbell, mwanafunzi wa zamani wa Tuskegee, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali kuu ya nchi hiyo kama afisa wa ugani. Gari liliposimama shambani mwa mtu, majirani walikusanyika, na kazi ikafanywa mbele ya macho yao. Baadaye nyumbu walipisha lori.

Si kwamba mambo yalimwendea vyema daima. Carver hakuwa hodari wa usimamizi. Alilemewa na ufundishaji, majaribio, mikutano na hata ufugaji wa kuku, na mkuu wake alimkemea kwa ripoti zilizochelewa na hesabu zisizolingana. Mara kadhaa aliandika barua za kujiuzulu. Mnamo 1910 uongozi wa kilimo ulikabidhiwa George Bridgeforth, aliyekuwa chini yake, naye Carver akabaki na utafiti. Aliona uchungu, lakini hakuondoka.

Wakati huo mdudu aharibuye vitumba vya pamba alikuwa ameingia Alabama, na wakulima wengi wakaanza kupanda njugu. Mnamo 1916 Carver alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Mnamo Januari 1921 alifika mbele ya kamati ya bunge la Marekani kuwatetea wakulima wa njugu dhidi ya ushindani wa bidhaa za kigeni. Alitengewa dakika 10, lakini wabunge waliovutiwa na maonyesho yake walimwongezea muda tena na tena. Tangu siku hiyo sifa zake zilienea, na ile sifa ya njugu ikaifunika kazi ya mwalimu.

Wakosoaji wake wana hoja nzito. Maarifa pekee hayakuweza kumkomboa mkulima asiye na shamba. Mwenye ardhi alipotaka pamba, pamba ilipandwa, na mboji iliyoboresha udongo ilimneemesha yeye kwanza. Carver, aliyeishi chini ya sheria za ubaguzi, aliepuka siasa na nadra alinena hadharani kuhusu dhuluma hiyo.

Mjadala huo ulifika hata Kenya. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mnamo 1924, ilipendekeza elimu iliyofuata mifano ya taasisi za weusi za kusini mwa Marekani, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikaanzishwa Kabete ili kuandaa walimu wa kuzunguka vijijini. Wapo Waafrika waliohofia kwamba elimu ya jembe ilikusudiwa kuwanyima ile ya kalamu.

Lakini kwa Carver jembe na kalamu havikuwa maadui. Mkulima aliyepata kiazi na kunde uani alipunguza mkopo wa dukani, na aliyepunguza deni alikuwa na nafasi zaidi ya kumwachia mwanawe muda wa kusoma. Ushindi huo ulikuwa mdogo, ila ulikuwa mikononi mwake.

Carver hakuoa wala hakuacha mtoto. Alifariki mnamo Januari 5, 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliiachia wakfu wa utafiti aliokuwa ameuanzisha. Mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake, taifa likiwa vitani, alikuwa bado anachapisha mafunzo kuhusu mboga za mwituni ambazo watu walizikanyaga bila kujua kwamba zinalika.

Mnamo Julai 1943 bunge la Marekani liliitenga ardhi aliyozaliwa kuwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa, heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amewahi kupewa. Wageni hupita huko kwa miguu kando ya kijito, katika kichaka kile kile ambamo mtoto wa mtumwa alificha kitalu chake.