Maisha ya Mbaraka Mwinshehe

Tuzo za Muziki Tanzania zilianzishwa mwaka 1999, na tangu hapo vijana hawajaacha kubishana juu yake. Mwaka 2014 Diamond Platnumz alitwaa tuzo 7 kwa usiku mmoja, na watu ambao hawajapata kukanyaga Dar es Salaam walimwona katika televisheni akizipokea. Ni jambo la furaha, wala sina nia ya kulibeza. Lakini ubishi wa namna hiyo humfanya kijana adhani kuwa mwimbaji asiyepewa tuzo si kitu. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za mtu aliyepata sifa kubwa kabla ya tuzo hizo kuwapo, na kabla ya televisheni yenyewe, ambayo haikufika Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Mtu huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 katika kijiji cha Mzenga, wilaya ya Kisarawe, lakini mji uliomlea na kumsomesha ni Morogoro. Lazima tuufahamu mji huo kwanza, maana bila Morogoro hapangekuwa na Mbaraka tunayemjua. Siku hizo ulizungukwa na mashamba ya mkonge, na wafanyakazi wake walitoka kila pembe ya nchi. Reli ya Kati, ambayo ikiendelea magharibi hupita Manyoni katika mkoa wetu, iliwaleta wageni mchana na usiku. Mahali penye mshahara wa mwezi na vijana walio mbali na kwao hapakosi dansi. Santuri za rumba kutoka Kuba zilikuwa zimeenea, na mafundi wa hapa kwetu walizisikiliza, wakajifunza, wakatia Kiswahili ndani yake.

Basi Morogoro ikawa na bendi mbili zilizoshindana vikali. Moja ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ya pili Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka. Wapenzi wa huku hawakupenda kusikia sifa za kule. Hapakuwa na waamuzi waliokaa mezani wala kura zilizohesabiwa. Kura ya wakati ule ilipigwa mlangoni: ukumbi ukijaa bendi imeshinda, ukiwa mtupu wapiga muziki hurudi nyumbani bila nauli. Nadhani ilikuwa hukumu kali kuliko ya tuzo yoyote, kwa sababu ilirudiwa kila mwisho wa juma.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, angali kijana sana. Wakati huo huo, mwaka 1965, Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari, na mji ukapoteza sauti yake kubwa. Haikuchukua miaka mingi Mbaraka akawa ndiye nguzo ya bendi yake. Alitunga, aliimba, na tena alipiga gita la solo, kazi tatu ambazo kwa kawaida hugawiwa watu watatu. Gita lake halikuwa la kelele. Lilizungumza taratibu, likajibu sauti ya mwimbaji, kisha likachukua nafasi yake lenyewe wachezaji walipokwisha kupata moto. Wako waliomlinganisha na Franco wa Kongo, na si mlinganisho wa kuonewa haya.

Mwaka 1970 maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, yalifanyika Osaka katika nchi ya Japani. Nchi 77 zilishiriki, na wageni waliofika walipita milioni 64. Tanzania iliyokuwa na umri wa miaka 6 tu ilipeleka Morogoro Jazz. Fikiri, ewe msomaji: vijana wa bendi ya mji wa mkonge wanavuka bahari kwenda kupiga muziki wa Kiswahili mbele ya mataifa. Waliporudi jina la Mbaraka lilikuwa si la Morogoro tena.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake, ingawa hizo zilikuwa nyingi. Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, mkoa tunaopakana nao, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Katika nyimbo nyingine alizungumza juu ya pesa na nguvu zake, na juu ya dhiki za maisha. Wimbo wake uitwao Shida wazee wengi wanaujua hata leo. Upigwe tu, utaona mazungumzo yamekatika.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz, akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano.

Sasa nieleze taabu iliyomkabili yeye na wanamuziki wenzake wote wa nchi hii. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi na kuzieneza nyimbo zao hadi vijijini, na hilo ndilo lililowafanya wajulikane. Lakini wimbo wa redioni hupita kama upepo, hauuzwi dukani. Hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri Tanzania. Aliyetaka kuuza sahani alikwenda Kenya, kwenye makampuni ya Nairobi. Kwa hiyo msanii mkubwa wa Tanzania alitafuta riziki yake katika nchi ya jirani, nami naona ni lazima jambo hilo litajwe kila yanapotajwa mafanikio yake, maana mafanikio hayo yalikuwa na gharama.

Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kisha mwishoni mwa mwaka 1978 vikaanza vita vya Kagera. Hata hivyo mapema mwaka 1979 Mbaraka alikuwa Kenya pamoja na bendi yake. Mwezi wa Januari gari alilopanda lilipata ajali Mombasa. Alifikishwa hospitali, lakini alikuwa amekwisha kupoteza damu nyingi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa huko huko Kenya katika sahani zilizopewa jina la Ukumbusho, zikatoka moja baada ya nyingine.