Jean-Marie Seroney: Kutoka Majimbo hadi Kiti cha Naibu Spika

Jina la Jean-Marie Seroney halitajwi sana katika mijadala ya ugatuzi nchini Kenya, ingawa ni wanasiasa wachache wa Bonde la Ufa ambao maisha yao yalifungamana na suala hilo kama yake. Marehemu alizaliwa Kapsabet, wilayani Nandi, katika miaka ya 1920, katika familia iliyoupokea Ukristo na elimu ya shuleni mapema. Alisomea Shule ya Upili ya Alliance, akaenda Chuo cha Makerere, kisha Allahabad nchini India na hatimaye London, alikohitimu kuwa wakili. Aliporejea nyumbani alikuwa miongoni mwa mawakili wa kwanza kutoka jamii ya Wakalenjin. Weledi huo wa sheria ndio uliokuja kuwa silaha yake, na ndio pia uliomponza.

Alirudi wakati siasa za vyama zilikuwa zimepamba moto. Mnamo mwezi wa Juni 1960, viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na chama cha KANU walikutana Ngong na kuunda KADU. Humo walikuwamo Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi, na kutoka Bonde la Ufa, Taita Towett na Daniel arap Moi. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1961, Seroney aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuwawakilisha Wanandi. KANU ilipata viti vingi zaidi lakini ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. KADU ikaichukua nafasi hiyo. Ni katika kipindi hicho ndipo chama kidogo kilipata fursa ya kusukuma mbele sera ya majimbo.

Hapa yafaa kulitazama neno lenyewe, kwani wanafunzi wa Kiswahili watakubali kwamba historia ya neno hufichua mengi. Jimbo ni eneo la utawala tu, na nchini Tanganyika lilitumika hivyo bila kumkera mtu. Nchini Kenya, hata hivyo, neno hilo lilitwikwa mzigo wa siasa kiasi kwamba wasemaji wa Kiingereza walilichukua lilivyo, bila kulitafsiri. Kwa wafuasi wa KADU, majimbo yalikuwa ngao ya wanyonge. Kwa KANU, yalikuwa mtego wa walowezi waliotaka kuigawanya nchi ili wabaki na mashamba yao, na dai hilo halikukosa msingi kabisa, maana baadhi ya walowezi waliunga mkono mpango huo waziwazi. Katiba mpya ilipoidhinishwa mnamo mwaka wa 2010, waandishi na wanasiasa walipendelea kusema ugatuzi na kaunti. Neno la kale lilikuwa limeshachafuka mno.

Mazungumzo ya Lancaster House yalizaa katiba ya mwaka wa 1963 iliyokuwa na Bunge la vyumba viwili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, pamoja na majimbo saba, kila moja likiwa na bunge lake. Makao ya jimbo la Bonde la Ufa yalikuwa Nakuru, na rais wa bunge hilo alikuwa Moi. Nakuru ulikuwa mji wenye fumbo. Ulizungukwa na nyanda ambazo Wamasai na Wakalenjin walikumbuka kuwa malisho yao kabla ya kupokonywa na wakoloni, lakini wakazi wengi wa mashamba ya walowezi kutoka Njoro hadi Subukia walikuwa Wakikuyu, ambao baadhi yao walizaliwa humo humo wakiwa watoto wa vibarua na maskwota. Bunge la jimbo lilitarajiwa kuwa na kauli kuhusu ardhi. Ardhi ya nani, basi, na kauli ya nani? Hilo ndilo swali ambalo wabunifu wa majimbo walilikwepa, wakidhani kwamba mipaka ya ramani ingelijibu.

Halikupata muda wa kujibiwa. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na serikali kuu ikayanyima majimbo fedha na madaraka yaliyoandikwa katika katiba. Mnamo tarehe 10 Novemba 1964, KADU ilijivunja yenyewe na wabunge wake wakavuka upande wa pili. Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata, mabunge ya majimbo yakafifia hadi yakafutwa, na Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Kule Nakuru, mahali pa bunge lililochaguliwa pakachukuliwa na mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais. Moi alipewa uwaziri, na mwanzoni mwa mwaka wa 1967 akawa Makamu wa Rais. Seroney alivuka pamoja na wenzake, ila hakubadilisha msimamo alipobadilisha chama. Alisalia mbunge wa kawaida, akiuliza maswali ambayo mawaziri hawakuyapenda.

Jambo lililomfanya ajulikane kote nchini lilitukia mnamo Julai 1969. Wakati huo mashamba yaliyoachwa na walowezi yalikuwa yakinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, na wanunuzi wengi walitoka nje ya Nandi. Katika mkutano uliofanyika Nandi Hills, Seroney alitoa azimio lililodai kwamba ardhi yote ya wilaya hiyo, pamoja na mashamba makubwa ya chai, ilikuwa mali ya Wanandi. Serikali ilimshtaki kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Wapigakura wa Tinderet walimrudisha Bungeni mwishoni mwa mwaka uo huo.

Azimio hilo linastahili kupimwa kwa mizani mbili. Upande mmoja, lilitaja waziwazi jeraha ambalo serikali ilitaka lisahauliwe: kwamba Wanandi walinyang'anywa ardhi kwa mtutu wa bunduki mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba uhuru uliirejesha sokoni badala ya kuirejesha kwa wenyewe. Viongozi wenzake wa Bonde la Ufa waliokuwa serikalini walinyamaza au wakamkana. Upande wa pili, azimio halikuwa na nafasi kwa yule skwota au mnunuzi maskini aliyelipa senti zake za mwisho kupata ekari chache. Mnamo Septemba 1991, wanasiasa walihutubia mikutano ya majimbo Kapsabet na Kapkatet, na mwezi uliofuata ghasia za kikabila zikaanza katika shamba la Miteitei, katika tarafa ya Tinderet, kabla ya kuenea hadi Molo na kwingineko. Seroney alikuwa kaburini kwa miaka mingi, naye hakuwahi kumtuma mtu kumchomea jirani nyumba. Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba hoja yake ya mwaka wa 1969 haikuwa na uhusiano wowote na maneno yaliyotumiwa siku hizo.

Ukurasa wake uliotukuka zaidi ulifunguliwa baada ya uchaguzi wa mwaka wa 1974. Wabunge wengi walimtaka awe Naibu Spika, serikali haikumtaka. Kikao kikaahirishwa, lakini Bunge liliporejea Februari 1975 alikipata kiti hicho. Mwezi uliofuata J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na maiti yake ikapatikana karibu na Ngong. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo, na ripoti yake ikapitishwa kwa kura chache tu. Waliounga mkono ripoti wakaanza kuandamwa: Masinde Muliro akapoteza uwaziri wake, na mbunge wa Nakuru Mjini, Mark Mwithaga, akafungwa jela mwaka uo huo.

Ni katika hali hiyo ndipo, mnamo Oktoba 1975, Martin Shikuku alisimama Bungeni na kudai kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Upande wa serikali ukataka atoe ushahidi. Seroney alikuwa ameketi kitini. Akaamua kwamba jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa. Uamuzi huo haukuchukua hata dakika moja kutolewa, nao ulimgharimu miaka mitatu. Siku chache baadaye, polisi waliingia katika majengo ya Bunge, wakawakamata wote wawili na kuwapeleka kizuizini bila mashtaka. Shirika la Amnesty International lilimhesabu miongoni mwa wafungwa wa dhamiri. Kenyatta aliaga dunia Agosti 1978 wakati Seroney angali kizuizini. Aliyemwachilia, mnamo Desemba mwaka huo, ni Moi, mwenzake wa zamani wa KADU, ambaye sasa alikuwa Rais.

Mtu angetarajia kwamba wawili hao, ambao waliwahi kutetea majimbo chini ya paa moja, wangefanya kazi pamoja. Haikuwa hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1979, kiti cha Tinderet kilikwenda kwa kijana Henry Kosgey. Seroney hakurudi tena Bungeni. Mnamo Juni 1982, Bunge alilowahi kulisimamia lilipitisha mswada wa kuifanya KANU kuwa chama cha pekee kisheria. Mwaka huo haujaisha, Jean-Marie Seroney alifariki dunia jijini Nairobi.