Gary Kildall na Amri za Tarakilishi

Mwanafunzi anayefungua kidirisha cheusi cha amri katika tarakilishi yenye mfumo wa Windows hulakiwa na herufi C, nukta mbili, mkwaju wa nyuma na alama ya mshale, kisha kistari kinachopepesa kikimngoja aandike. Akichapa DIR na kubonyeza kitufe cha kuingiza, huorodheshewa faili zote zilizomo katika saraka aliyomo. Aghalabu hudhani kwamba haya yote yalibuniwa na Microsoft. La hasha. Mtindo wa kuipa diski herufi yake, mshale ule na neno lile DIR vilikuwa vimezoewa na maelfu ya watu kabla kampuni hiyo haijauza hata nakala moja ya DOS. Aliyeviweka mikononi mwa watu hao ni Gary Kildall, mtu ambaye jina lake, ilhali kazi yake tunaitumia, hutajwa kwa nadra. Hata anapotajwa, mara nyingi huwa ni kwa kisa kimoja cha kumfanyia dhihaka. (Natumia istilahi tarakilishi nikijua kwamba wapo wahadhiri wetu wanaoshikilia kompyuta, na wengine ngamizi. Mjadala huo tuuache kwa leo.)

Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 katika mji wa Seattle, Marekani. Familia yake, ambayo kwa upande wa baba ilikuwa na asili ya Norway, iliendesha shule ya unahodha iliyowafundisha mabaharia kusoma ramani na kukokotoa njia ya chombo baharini. Kijana Gary alifundisha humo kwa muda, na nia yake ilikuwa kuwa mwalimu wa hisabati. Katika Chuo Kikuu cha Washington alivutwa na tarakilishi, akaiacha hisabati tupu. Baadaye alijiunga na jeshi la majini, akapelekwa kufundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi hilo mjini Monterey, jimbo la California. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamifu. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu namna ya kuchanganua mwendo wa data ndani ya programu, na mbinu aliyoieleza humo ingali inafundishwa kwa wanaojifunza kuunda vitafsiri vya lugha za tarakilishi. Nalitaja hili kwa sababu wanaomsimulia humchora kama fundi wa karakana aliyebahatika, ilhali alikuwa msomi aliyebobea.

Wakati huo kampuni ya Intel ilikuwa imetoa kichakataji chake cha kwanza cha kipande kimoja, 4004, mwaka 1971. Wahandisi wengi walikiona kuwa kifaa cha kuongozea taa za barabarani au mashine za kufulia. Kildall alikiona kuwa tarakilishi kamili inayosubiri kuvishwa viungo. Akawa anasafiri hadi Intel kufanya kazi ya ushauri, na huko akaunda lugha ya PL/M iliyowawezesha waandishi wa programu kuviamuru vichakataji vya kampuni hiyo bila kuandika tarakimu za mashine. Kilichokosekana ni mahali pa kuhifadhi kazi. Alipata kiendeshi cha diski tepetevu kutoka kampuni ya Shugart, lakini hakuwa na sakiti ya kukiunganisha na tarakilishi yake. Rafiki yake John Torode ndiye aliyeiunda, na mwaka 1974, mjini Pacific Grove, diski ikazunguka na kusomwa. Programu iliyoisimamia Kildall aliiita CP/M. Intel walipoonyeshwa hawakuitaka. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanza kuiuza wenyewe kwa kampuni yao iliyokuja kujulikana kama Digital Research, Dorothy akishika usukani wa biashara.

Hapa ni lazima tuulize mfumo endeshi ni nini hasa, kwa kuwa bila kulijua hilo hatuwezi kumpima Kildall. Tarakilishi isiyo na mfumo endeshi ni maunzi matupu. Kila programu ingelazimika kujua yenyewe jinsi ya kusogeza kichwa cha diski na mahali ilipo nafasi tupu, tena ijue jinsi ya kuchora herufi kwenye skrini. Mfumo endeshi ni mshenga. Mtumiaji wala programu hawaendi moja kwa moja kwa maunzi. Humtuma mshenga, naye huleta jibu. Kildall aliugawa mfumo wake sehemu tatu. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa ile inayosoma amri anayoichapa mtumiaji. Ya katikati ilizijua faili, majina yao na mahali zilipolala diskini. Ya chini, aliyoipa jina BIOS, ndiyo peke yake iliyojua siri za maunzi ya mashine fulani.

Mgawanyo huo wa chini ndio ulioleta mapinduzi. Katikati ya miaka ya 1970 kila kampuni iliunda tarakilishi kwa namna yake, na programu ya mashine moja haikufaa kitu kwenye mashine nyingine. Kildall alipoombwa na kampuni ya IMSAI aufanye mfumo wake ufanye kazi kwa diski zake, aliona kwamba angeandika upya mfumo mzima maisha yake yote kama asingeyatenga yale yanayobadilika na yale yasiyobadilika. Tangu hapo, aliyeunda tarakilishi mpya yenye kichakataji cha aina ile aliandika BIOS yake tu, kisha sehemu mbili za juu zikafuata kama zilivyo. Mwandishi wa programu akaandika mara moja, na mtumiaji akajifunza amri mara moja. Tena mfumo wote ulikuwa mdogo kiasi cha kustaajabisha. Ukihesabu kila herufi kuwa baiti moja, sehemu mbili za juu zina baiti chache kuliko herufi za makala haya unayoyasoma.

Amri zenyewe zilikuwa chache, na sisi tunaosoma sarufi tutazifurahia. Skrini ilionyesha herufi A na mshale, maana yake mfumo unatazama diski ya kwanza na unangoja. Ukichapa B na nukta mbili, unahamia diski ya pili. DIR iliorodhesha faili. TYPE na jina la faili ilionyesha yaliyoandikwa humo. REN ilibadilisha jina, na ERA ilifuta. Jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi nane, nukta, na herufi tatu za kuonyesha aina yake. Nyota ilisimama badala ya jina lolote, kwa hivyo ERA pamoja na nyota, nukta na nyota ilikuwa amri ya kufuta kila kitu. Katika toleo la 2.2 mfumo uliuliza kwanza kama una hakika. Kwa faili mojamoja haukuuliza. Anayejifunza leo na akumbuke kwamba tabia hiyo haijabadilika sana: mstari wa amri humchukulia mtumiaji kuwa anajua anachokisema.

Utaona kwamba hizi ni sentensi za hali ya kuamrisha: kitenzi kinatangulia, yambwa inafuata, na kiima hakitajwi kwa kuwa anayeamriwa ni mmoja tu. Mfumo ulipoletewa neno, ulitazama kwanza kama ni mojawapo ya vitenzi ulivyozaliwa navyo. Kama sivyo, ulitafuta diskini programu yenye jina hilo, ukaipakia na kuiendesha. Usipoipata, ulirudisha neno lile lile likiwa na alama ya kuuliza mbele yake, kama mtu aliyesikia neno geni. Kwa hiyo msamiati wa tarakilishi haukuwa na kikomo. Kila programu mpya diskini ilikuwa kitenzi kipya. Programu ya kunakili iliitwa PIP, na sarufi yake ilikuwa ya kinyume: mahali pa kupeleka palitajwa kwanza, kisha alama ya usawa, kisha mahali pa kutoa. DOS ilipokuja iliugeuza mpangilio huo, na nadhani ilifanya vyema, maana hata sisi hunakili kutoka hapa kwenda pale.

Jambo moja lanivutia zaidi ya mengine. Kwa kuwa PIP ilikuwa faili ya kawaida yenye jina PIP.COM, mtumiaji angeweza kuchapa REN NAKILI.COM=PIP.COM, na tangu dakika hiyo mashine yake ingeitikia kitenzi cha Kiswahili. Hakuhitaji ruhusa ya kampuni wala kamati. Mfumo haukujali lugha ya amri zake za nje. Ulijali tu kwamba jina lisizidi herufi nane.

Kufikia mwaka 1980 CP/M ndiyo iliyotawala tarakilishi ndogo, na Digital Research ilikuwa imehamia katika nyumba ya kale katika barabara ya Lighthouse, Pacific Grove. Ndipo walipokuja watu wa IBM waliokuwa wakiunda tarakilishi yao binafsi kwa siri. Siku hiyo Kildall, ambaye alikuwa rubani hodari, alikuwa ameruka na ndege yake kwenda kuonana na mteja. Dorothy na wakili wao walisita kutia sahihi mkataba wa kutunza siri waliouona kuwa unaibana kampuni upande mmoja. Kilichotokea aliporudi alasiri kinasimuliwa kwa namna zinazopingana. Kisicho na ubishi ni kwamba mkataba wa maana haukufikiwa, na IBM wakarudi kwa Microsoft. Microsoft nao wakapata haki za mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products, aliyeufanya ufanane na CP/M katika namna programu zinavyouita, ili programu za zamani zihamishwe kwa urahisi. Paterson alikana daima kwamba alinakili programu ya Kildall, na kitabu kilipomshutumu mwaka 2004 alienda mahakamani, lakini kesi yake ikatupiliwa mbali mwaka 2007.

Tarakilishi ya IBM ilitolewa Agosti 1981. Kildall alipolalamika, IBM walikubali kuuza pia CP/M-86 kwa mashine hiyo. Ila mnunuzi alipofika dukani alikuta DOS kwa dola 40 na CP/M-86 kwa dola 240. Tusimwulize alichagua nini. Baadaye kikaenea kisa kwamba Kildall aliipoteza bahati yake kwa sababu alikuwa akijifurahisha angani. Kisa hicho kilimuuma hadi mwisho, na kwa maoni yangu bei ile iliamua mengi kuliko ndege.

Hakukaa akilia. Tangu mwaka 1983 hadi 1990 alikuwa mtangazaji mwenza wa Stewart Cheifet katika kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, akiwaeleza watu wa kawaida mambo ya tarakilishi kwa upole wa mwalimu. Kampuni yake nyingine ilishiriki kutoa ensaiklopidia ya Grolier katika diski ya CD-ROM mwaka 1985, wakati watu wengi hawajaiona diski ya aina hiyo. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell, naye akawa tajiri. Lakini utajiri haukuliondoa jeraha. Mwaka 1992 chuo kikuu chake kilimwalika kwenye maadhimisho ya idara ya sayansi ya tarakilishi, akagundua kwamba mzungumzaji mkuu ni Bill Gates, mtu ambaye hakuwahi kusoma hapo, na yeye mwenye shahada ya uzamifu ya chuo hicho angekaa miongoni mwa wasikilizaji. Akaanza kuandika kumbukumbu zake. Miaka hiyo pia pombe ilikuwa imemwelemea, jambo ambalo familia yake ililisema wazi baadaye.

Julai 1994 aliumia kichwani katika baa moja mjini Monterey, akafariki siku tatu baadaye, tarehe 11, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle. Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka bamba la kumbukumbu mbele ya nyumba ile ya barabara ya Lighthouse, na mwaka 2016 sehemu ya kwanza ya kumbukumbu zake, aliyowagawia marafiki wachache tu alipokuwa hai, ilitolewa kwa umma na jumba la makumbusho ya tarakilishi la California. Katika Windows, DIR, TYPE na REN zingali zinaitika. ERA pekee ndiyo iliyobadilika: huna budi kuiandika kwa kirefu, ERASE, au utumie DEL.