Maisha ya Bwana Svante Arrhenius

Sisi watu wa Kileo tunajua jambo moja bila ya kufundishwa: maziwa yaliyokamwa alfajiri huganda upesi kwetu tambarare, lakini kwa bibi yangu huko juu Usangi, penye baridi, hukawia. Joto huharakisha mambo. Mtu aliyeonyesha jinsi ya kulihesabu jambo hilo katika kemia ni Bwana Svante Arrhenius wa Uswidi, na maisha yake ndiyo nitakayowasimulia.

Alizaliwa tarehe 19 Februari, 1859, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Husimuliwa kwamba mtoto huyu alijua kusoma akiwa na miaka mitatu, na hesabu alijifunza kwa kuchungulia madaftari ya baba yake. Aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala akiwa na miaka 17, yaani umri wangu mimi, nami ningali nahangaika na Kidato cha Nne!

Mwaka 1884 alitoa tasnifu yake juu ya umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Wakubwa wa chuo hawakupendezwa nayo, wakampa daraja la chini lisilomwezesha kufundisha pale. Hakukaa akinuna. Alipeleka nakala kwa wataalamu wa nchi nyingine, na mmoja wao, Bwana Wilhelm Ostwald wa Riga, akafunga safari mpaka Uppsala ili aonane naye, akamwahidi kazi. Kumbe! Mwaka ule ule chuo chake mwenyewe nacho kikampa nafasi. Kwa fikira zile zile zilizodharauliwa alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903, naye alikuwa Mswidi wa kwanza kupata tuzo hiyo.

Lakini mimi nampendea kazi yake ya mwaka 1889 juu ya sukari ya miwa, kama ile itengenezwayo na jirani zetu wa TPC, Arusha Chini. Sukari hiyo ikitiwa katika maji yenye asidi huvunjika polepole ikawa sukari za namna mbili. Joto likipanda, huvunjika upesi mno. Arrhenius alieleza kwamba si molekuli zote zilizo tayari kubadilika, ila zile chache zenye nguvu ya kuvuka kizuizi. Joto likizidi kidogo tu, hizo chache huongezeka sana.

Muhula huu tulipewa swali. Mmenyuko huongezeka kasi mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Ikiwa huchukua sekunde 160 kwenye nyuzi 20, je, kwenye nyuzi 50 utachukua ngapi? Nikazidisha mbili kwa tatu, nikapata mara sita, nikaandika sekunde 27 kwa majivuno makubwa. Nikakosa, na darasa likacheka. Kumbe ni mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, yaani mara nane. 160 ukigawa kwa 8 ni sekunde 20. Na hiyo mara mbili yenyewe ni makadirio tu, maana kila mmenyuko una kizuizi chake, na ni mlinganyo wa Arrhenius unaotuwezesha kukipima.

Mwaka 1896 alikadiria pia jinsi hewa ya ukaa inavyoweza kuongeza joto la dunia nzima. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba, 1927, akazikwa Uppsala, mji ule ule uliompa daraja la chini.