Claude wa Lorraine, Mchoraji wa Nuru na Bahari

Katika Matendo ya Mitume mmekwisha kusoma habari za watu wa Listra, jinsi walivyomwita Barnaba kwa jina la mungu wao Zeu. Wayunani walikuwa na hadithi nyingi za Zeu huyo. Moja yasimulia kwamba alijigeuza fahali, akamchukua Europa, binti wa mfalme wa Foinike, akavuka naye bahari mpaka Krete. Ni hadithi ya kipagani, tena ya aibu. Lakini mtu aliyeichora juu ya shaba mwaka 1634 yafaa ajulikane hata kwetu Unguja.

Jina lake Claude Gellée. Huitwa Claude Lorrain kwa sababu ya nchi yake, Lorraine, ambayo siku zile ilikuwa na mtawala wake na leo ni sehemu ya Ufaransa. Alizaliwa katika kijiji cha Chamagne, yapata mwaka 1600, wengine husema 1604, akafiwa na wazazi angali mtoto. Juu ya ujana wake waandishi wawili wa kale hawapatani. Sandrart, Mjerumani aliyekuwa rafiki yake, asema alifundishwa kuoka maandazi, na ya kuwa shuleni hakufaulu. Baldinucci, Mwitalia, asema alikwenda Freiburg kwa kaka yake, fundi wa kuchonga miti. Baadaye akafika Roma, akaingia nyumbani kwa mchoraji Agostino Tassi, akajifunza kazi. Mwaka 1625 alirudi kwao. Mwaka 1627 akarejea Roma, akakaa huko mpaka kufa kwake.

Fundi wa milango ya Mji Mkongwe hukata mti kwa patasi, na ua hubaki limeinuka. Kazi ya Claude ilikuwa kinyume chake. Alitwaa bamba la shaba lililosuguliwa, lenye utando wa nta na utomvu, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana. Ndipo bamba lilipotiwa tindikali: palipokuwa na nta hapakudhurika, palipochorwa pakaliwa. Nta ikaondolewa, wino ukapakwa na kufutwa, ukabaki ndani ya mifuo tu. Kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Picha hutoka imegeuka kama katika kioo, kushoto kukawa kulia. Tena tindikali ikizidi muda wake, kazi ya siku nyingi huharibika.

Katika picha hiyo Europa ameketi juu ya fahali, na wajakazi wake wako karibu. Lakini jicho halikai kwake. Laenda kwenye miti, na ng'ombe, na maji, na merikebu. Mtu aliyezoea kusimama Forodhani jioni, jua likishuka na majahazi yakipita, atatambua mara moja kitu gani Claude alikipenda. Husimuliwa kwamba alizoea kusema aliuza nchi na kuwatoa watu bure. Kwa maoni yetu, Zeu mwenyewe ametolewa bure humo.

Picha zake za shaba zapata 40 tu. Nyingi ni za rangi. Sifa zake zilienea, hata Papa Urban VIII akamwagiza picha. Hapo wakatokea waigaji, wakauza kazi zao kwa jina lake. Claude hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitwaa kitabu, yapata mwaka 1635, akaanza kuchora humo mfano wa kila picha iliyotoka mkononi mwake, na nyuma yake akaandika habari za mnunuzi. Michoro 195 ilijaa humo, na kitabu hicho kikaitwa Kitabu cha Kweli. Tangu mwaka 1957 kimo katika British Museum, London.

Hakuoa. Nyumbani mwake alilelewa Agnese, aliyezaliwa mwaka 1653, na baadaye akaja Jean, mwana wa ndugu yake. Ugonjwa wa jongo ulimtesa miaka mingi, lakini hakuweka kalamu chini. Hadithi ya Europa aliichora tena kwa rangi mwaka 1655 na 1667. Alifariki tarehe 23 Novemba 1682, akazikwa katika kanisa la Trinità dei Monti. Mwaka 1840 mifupa yake ilihamishwa mpaka San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa huko Roma. Katika wasia wake, kitabu kile alimwachia Agnese.