Robert Koch: Daktari Aliyechunguza Damu

Wazee husema kuwa maana ya jina Sumbawanga ni kutupa uchawi. Hata hivyo, ng'ombe akifa ghafula au mtoto akishikwa na homa, wako watu ambao bado huanza kutafuta mchawi. Leo utasoma habari za daktari aliyetafuta mahali pengine. Yeye alitafuta ndani ya damu.

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya migodi. Inasemekana kuwa alipokuwa na umri wa miaka mitano alikwisha jifundisha kusoma kwa kutumia magazeti. Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1866.

Baadaye akawa mganga wa wilaya moja ya mashambani. Huko ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na chumba nyumbani kwake na hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akaitia katika mwili wa panya kwa kijiti. Panya akafa. Koch alipopima damu ya panya huyo, aliona vijidudu vile vile. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kuwa vijidudu hivyo ndivyo viletavyo kimeta, na kwamba mbegu zake hukaa udongoni kwa muda mrefu. Basi, ng'ombe wako akifa ghafula, usimchune, wala usile nyama yake. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Mwaka 1882 Koch aligundua kijidudu cha kifua kikuu. Sifa zake zikaenea duniani. Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya ugonjwa huo kabla ya kuipima vya kutosha. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuwaponya, na wengine walikufa. Baadaye ilionekana kuwa inafaa kwa kupimia ugonjwa tu.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch alikwenda Afrika Kusini, ambako sotoka ilikuwa ikiua ng'ombe. Aliwachoma ng'ombe wazima sindano ya nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka. Wengi walipata kinga, ingawa njia hiyo ilikuwa na kasoro. Chanjo bora zilipatikana baadaye, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imekwisha duniani.

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Wajerumani, akapima damu za wagonjwa wa malaria. Miaka miwili baadaye alikwenda kisiwa cha New Guinea, karibu na Australia. Huko aliona kuwa damu ya watoto wadogo ilikuwa na vijidudu vingi vya malaria, na ya watu wazima ilikuwa na vichache. Akafahamu kuwa mwili ulioshambuliwa mara nyingi hujenga kinga. Ndiyo sababu mtu aliyekulia huku juu kwenye baridi huweza kuugua sana akishuka Bonde la Ziwa Rukwa. Na ndiyo sababu mtoto mwenye homa asicheleweshwe nyumbani.

Mwaka 1905 Koch alirudi kwetu kuchunguza homa ya papasi. Wenyeji walikwisha jua kuwa papasi huleta homa. Koch alionyesha kuwa vijidudu vya homa hiyo hukaa ndani ya papasi na huingia hata katika mayai yake. Kwa hiyo watoto wa papasi nao huweza kuambukiza. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta. Ziba nyufa za nyumba yako. Mwaka huo huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, ambako malale iliua watu wengi. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili. Vijidudu vikapungua katika damu, naye akaongeza kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakawa vipofu. Waliokuja kutafuta uzima walirudi kwao wakishikwa mkono.

Koch alifariki mwaka 1910. Ndugu msomaji, mtu huyu alitufundisha kupima damu badala ya kubahatisha. Lakini maisha yake yanatufundisha pia kuwa hata bingwa hukosea anapofanya haraka. Kwa hiyo, nenda zahanati upimwe. Ukipewa dawa, uliza ni ya nini, itumiwe kiasi gani, na ina madhara gani. Kuuliza si utovu wa adabu.

Maswali

1. Koch alijuaje kuwa kimeta huletwa na vijidudu?
2. Kwa nini watoto wadogo huugua malaria zaidi kuliko watu wazima?
3. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, mtu akiugua, watu hufanya nini kwanza?